Sikio la Mtachoka

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikatulia kidogo kusubiri marahaba yako, mazoea tu. Msimu mmoja wa korosho umepita tangu tukuzike, na mimi nikifika Rutamba bado macho yanakutafuta barazani kabla sijamsalimia mtu.

Nina habari, na najua ungeicheka. Nimepanda ndege kwenda Ulaya kwa ajili ya mbwa. Si ng'ombe wala mbuzi, walionifanya nisomee mifugo. Mbwa! Unawakumbuka wale wageni waliokuja shambani, ukawapa bure vitukuu wawili wa mbwa wako Mtachoka huku ukininong'oneza, "Hawa wazima kweli?" Wamewazalisha hadi wamekuwa ukoo mzima. Sasa wanaingizwa kwenye maonyesho ya kimataifa, kundi la mbwa adimu. Adimu, Baba! Wanyama waliokuwa wakitupiwa mawe kwa kukatiza tu uani kwa watu.

Na Mtachoka mwenyewe, jina lake lilikuwa ugomvi. Jirani yetu Bi Hadija alikuwa akitangaza kwamba mwenye kufuga mbwa malaika hawaingii kwake. Wewe hukumjibu. Ulimpa mbwa jina, ukawa unapita mbele ya baraza yake kila asubuhi ukiita kwa sauti, "Mtachoka! Mtachoka!" Mama alikuwa akijifunika kanga usoni kwa aibu na kicheko.

Basi huko kila aina ya mbwa ina maandishi yake yanayosema mbwa kamili awe vipi, na jaji humpima mbwa kwa maandishi hayo. Urefu wa mguu, mkunjo wa mkia, rangi ya pua. Waliniita niwasaidie kuandika ya mbwa wetu. Nikamwona jaji kazini. Mbwa anasimamishwa kama anapigwa picha ya pasipoti, jaji anamfungua mdomo kwa mkono mtupu na kuhesabu meno, kisha mkono huohuo, umelowa mate, akanipa nimsalimie. Nilishindwa kuukataa. Nilirudi hotelini nikitafuta udongo, nikauchota kwenye chungu cha maua, nikanawa mara saba kama ulivyotufundisha. Mfanya usafi alinikuta pale. Sijui alinielewaje.

Wewe hukuwahi kumpima mbwa akiwa amesimama. Ulikuwa ukimwachia akatize kwenye mihogo, umefumba macho, unasikiliza majani. Ukisikia chakarachakara, unasema, "Huyu wa kulinda jiko." Usiposikia kitu, unatabasamu: huyo ndiye wa kukabili nguruwe.

Shida ilikuja kwenye masikio. Rasimu ilisema yote mawili yasimame wima na yawe mazima. Kovu au sikio lililochanika ni kasoro, mbwa atolewe uwanjani. Wenzangu wote walikuwa wamekwisha kutia sahihi, wakanipa kalamu.

Nikamwona Mtachoka. Nilikuwa na miaka tisa, naokota korosho peke yangu kule bondeni, nguruwe akatoka kichakani na watoto wake, akanijia. Mtachoka alipita mbele yangu bila kubweka, na nilipofumbua macho nguruwe hayupo, na sikio la kushoto la Mtachoka limechanika mpaka shinani. Ulikuja mbio. Ulinikagua mimi kwanza, kichwa mpaka miguu, kisha ukavua shati ukamfunga yeye. Wewe uliyekuwa hutaki mate yake yaguse hata ncha ya kanzu yako. Ulilia, Baba. Ulidhani sikuona.

Basi sikutia sahihi. Kiingereza kilinikimbia, nikasema kwa maneno machache yaliyobaki kwamba kwetu mbwa mzee mwenye masikio mazima ndiye tunayemtilia shaka. Kama mnataka kuyaacha maandishi hivyo, nikawaambia, yaacheni, lakini msiandike kwamba mbwa huyu ametoka kwetu. Walinong'onezana weee. Mwishowe wakafuta. Sasa imeandikwa: kovu la kazini lisihesabiwe kasoro. Pembeni palikuwa na nafasi ya kutaja chanzo, kwamba maneno haya yametoka kitabu gani. Nikaandika jina lako.

Huku nyumbani nguruwe wamerudi tangu uondoke. Juzi Bi Hadija alikuja kwa mkongojo wake, mihogo yake imefukuliwa yote. Alizunguka na maneno, mara hali ya hewa, mara bei ya korosho, mpaka akaomba mtoto wa mbwa. Nikampa jike mmoja mwekundu. Nikamuuliza atamwita nani. Aligeukia upande wa kaburini, akasema, "Tumechoka."

Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akalia. Nimekukumbuka sana, Baba. Nimekukumbuka mpaka nimechoka mimi.

Ijumaa nitakuja kukusomea Yasini. Nikitoka hapo nitashuka bondeni, nimwachie Tumechoka kwenye mihogo, nami nifumbe macho nisikilize. Nisiposikia kitu, nitajua. Mungu akulaze pema. Nakuahidi, maadamu nipo hai, hakuna atakayelitoa uwanjani sikio lile.

Mwanao,
Somoe