Boksi la Watu Wawili

Machi 4

Kitindamimba wangu,

Nimekuficha jambo. Yale maboksi ya vyakula vya kupika unayoniagizia kila wiki, sijapika hata moja tangu tulipomzika mama yako. Mwenye pikipiki akigonga, napokea, natia sahihi, kisha nampa fundi cherehani wa chini. Ndiye anayekula kuku wako, na amenenepa kweli.

Salamu nimezichelewesha, nisamehe. Kifua chako kimepoa? Mimi nipo, ila miguu imevimba na pumzi inakatika nikipanda ngazi. Daktari haniandikii tena dawa mpya. Anarudia zile zile, kisha ananiuliza habari za watoto. Ukimwona daktari amefika hapo, unajua.

Basi sitisha maboksi. Usiniulize sababu.

Baba

Machi 19

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umelala. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, kazi ni ile ile ya kutandika vitanda vya wageni hotelini.

Nimecheka habari za fundi, halafu nikaacha kucheka. Baba, boksi la kwanza lilipofika uliniandikia kurasa mbili! “Nani anauza nusu kitunguu? Chumvi wameifunga kwenye karatasi kama dawa ya minyoo.” Ukasema Mama anakucheka, eti hakimu mstaafu anaisoma kadi ya mapishi kama anasoma hukumu. Ukapika, ukamsagia Mama fungu lake kama muuguzi alivyoagiza, naye akamaliza bakuli. Mtu aliyefurahi hivyo haachi kupika hivi hivi.

Sisitishi. Maneno haya ulitulea nayo mwenyewe mezani, kila tulipovunja kitu na kuanza kuzungukazunguka: jibu ulichoulizwa. Kuna nini?

Mwanao

Aprili 27

Mwanangu,

Hujambo? Vumilia mwandiko. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Mama yako hakufa usingizini. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya na muuguzi. Daktari aliyeandika cheti hakuuliza sana, aliniheshimu.

Unakumbuka kiharusi kilivyomlegeza koo. Kila kitu kisagwe, kiwe laini. Leo uji wa kuku, kesho uji wa karoti, wote rangi moja. Yeye, aliyekuwa akitafuna mifupa mpaka paka wanakata tamaa!

Siku ile boksi lilikuwa la kuku na viazi. Kadi ilisema vipande viwe na ukubwa wa kidole gumba, nami nikavikata hivyo, vyote sawa. Vilipoiva, nyumba nzima ilinukia. Nikachukua fungu lake kulipeleka kwenye blenda, akaniita.

“Mzee, usikisage.”

“Muuguzi amekataza, mama watoto.”

“Kwani muuguzi ndiye uliyemuoa? Nipe kitu nikitie meno. Nimechoka kulishwa kama mtoto mchanga.”

Nikaiacha blenda. Nikaketi kando yake na uma. Akapaliwa. Nilimpiga mgongoni, nikamwinamisha, nikamtia vidole kinywani. Nilipofika mlangoni kumwita fundi, nyuma yangu palikuwa kimya.

Sikumwita. Niliosha sahani, nikamfuta mdomo, nikamlaza, nikamfunika shuka hadi kifuani kama alivyopenda. Ndipo nikaita watu.

Baba

Juni 30

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali; fundi amenipigia simu, anasema huinuki tena kitandani.

Barua yako ilinitia hasira. Kwanza nilikukasirikia wewe. Kisha nikajigeukia mwenyewe, maana nani alinunua maboksi hayo? Usiku mwingine naamka nimejishika koo.

Lakini nimefikiri. Mama alikuomba, ukampa kwa mapenzi. Kipande kimoja kikampalia, basi. Ungejuaje? Ni ajali. Nimejiambia hivyo mpaka nimeanza kulala, na sitaki kuupoteza tena usingizi huu. Nimeomba likizo nije nikuone. Kabla sijafika, niandikie neno moja tu, Baba, nilale nalo maisha yangu yote. Hukujua, sivyo?

Mwanao

Julai 8

Mwanangu,

Fundi alitaka kuniandikia, nimekataa. Hii ni ya mkono wangu. Habari za afya tuziache, utazikuta.

Neno unalolitaka ni fupi, na kalamu nimeishika tangu asubuhi niliandike. Ningeandika, ungelala, nami ningekwenda zangu. Lakini nimekaa kortini miaka yangu yote nikiwatazama washtakiwa wakipewa jibu la uongo la kuwaokoa na mtu anayewapenda, wakalipokea. Niliwafunga.

Hakikuwa kipande kimoja. Cha kwanza kilimpalia, akakohoa mpaka macho yakamtoka na midomo ikabadilika rangi. Nikampiga mgongoni, kikatoka, kikaanguka mapajani mwake. Tukakitazama wote wawili. Hapo nilikwisha kuona kwa macho yangu kile muuguzi alichokuwa akikiogopa, na blenda ilikuwa pale pale mezani, waya wake ukutani. Mama yako akapumua, akafuta machozi, akatabasamu kwa ule upande mmoja uliobaki, akafungua tena mdomo.

Nikampa cha pili.