Aproni kwenye Waya wa Kamera

Uruapan, Jumapili

Mjukuu wangu Yuritzi,

Anayeandika ni jirani Eulalia. Maneno ni yangu. Mguu umepona, na tamale, vile viandazi vyangu vya mahindi, jana padri alikula tano.

Kamera ulizofunga hapa kiwandani zikague maparachichi zilikuwa zikizimika kila siku saa nne asubuhi. Meneja akaapa atazing'oa, nawe usikanyage tena. Nikachunguza. Saa nne tunakwenda kula, na wanawake tulikuwa tukitundika aproni kwenye waya zake, plagi zinachomoka. Aliyeanza ni mimi.

Nikamwambia meneja mbele ya watu.

"Bibi Chole, ni wewe?"

"Ni mimi. Mjukuu wangu hana kosa. Tupigilie misumari ukutani ya kutundikia aproni!"

Kapigilia; wiki nzima hazijazimika. Anasema urudi uzifunge plagi kwa skrubu. Mnunie kidogo kwanza, halafu ukubali.

Nakukumbatia mpaka mbavu zilie,
Bibi Chole