Windows Kumi kwenye Mashine ya Shangazi

Jumamosi, Oktoba. Jua limekaa juu ya mabati tangu saa mbili, na upepo unapita na vumbi lake kama kawaida.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba Windows Saba ya Shangazi Zuwena imefariki leo saa sita mchana, nyumbani Gongoni, Tabora, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu ameacha printa moja, spika mbili na kitambaa cha kufuma cha kumfunikia. Habari ziwafikie wasomaji wote wa blogu hii popote walipo, ambao kwa hesabu yangu ni wanane, nami nikiwemo.

Aliyemuua ni mimi, tena kwa kuombwa.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Binti yake yuko Maskati, na ile programu ya kuongea naye kwa video ilikuwa imeanza kuikataa mashine. Kila ikifunguliwa inasema mfumo umepitwa na wakati. Shangazi akasema hata yeye amepitwa na wakati na bado watu wanamsalimia. Hata hivyo alinipigia simu. Windows Kumi na Moja iliitazama mashine mara moja tu ikakataa kuingia, kwa hiyo tukakubaliana na Kumi.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilijifunza kwa kuharibu za watu.

"Umeshapiga Windows ngapi?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Kama ishirini, Shangazi."

"Zilizowaka?"

"Kumi na saba."

"Haya. Anza na Bismillahi."

Kitu cha kwanza katika kazi hii ni kuhamisha vitu vya mwenyewe, maana Windows mpya ikiingia inafagia nyumba nzima. Shangazi hana vitu vingi. Ana picha za harusi, ana mawaidha aliyotumiwa na watu, na ana faili moja linaloitwa WATU, limekaa peke yake katikati ya kioo.

Nilikuwa nimelisikia faili hilo. Ukoo mzima umelisikia.

Mumewe, Mzee Seif, alifariki miaka minne iliyopita. Baada ya arobaini Shangazi alikaa mbele ya kompyuta na kidole kimoja, akaandika kila aliyekuja msibani, siku aliyokuja na alichofanya. Tangu hapo, akisikia kuna msiba mjini, haanzi na baibui. Anaanza na kuwasha mashine. Inamwambia kama ni wa kwenda siku ya kwanza, au siku ya tatu, au wa kutumiwa salamu tu. Babu wa babu yetu alikuja Tabora na misafara, na tunasimuliwa kwamba kazi yake ilikuwa kuandika nani kabeba nini. Waliobeba hawakuulizwa. Tabia imebaki kwenye damu.

Nililifungua. Nakiri kwamba kunakili hakuhitaji kufungua.

Ni jedwali refu. Fundi cherehani wa mtaa wa pili: alichimba kaburi, hakula. Mama Pendo, jirani yetu Mmoraviani: alileta sufuria mbili, akaziosha mwenyewe. Rafiki wa marehemu kutoka Sikonge: alituma asali, hakuja. Kuna mwenye duka la saruji ambaye ameandikiwa kwamba alikuja siku zote tatu na alikuwa kwenye simu siku zote tatu.

Nikajitafuta. Mtu yeyote angejitafuta.

"Alikuja siku ya tatu. Alisema treni. Treni ilifika."

Nilisoma mara mbili, ingawa ni maneno manane.

Acha niandike jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa wasomaji ni wachache. Siku ile nilikuwa Bukene kwa shughuli zangu za mpunga. Nikapigiwa simu kwamba Mzee Seif ametutoka, anazikwa kesho alasiri. Asubuhi yake nilikaa kwa muuza chai pale stesheni na begi langu. Treni ya kuja Tabora ikafika, ikasimama, ikaondoka. Sikuinuka. Baadaye nikasema imekwama njiani.

Mzee Seif ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa magazeti ya kufungia viungo dukani kwake. Aliugua miezi mitano. Mimi nilikuwa mjini humu humu, dakika kumi kwa baiskeli, na nilikwenda kumwona mara mbili. Niliogopa kufika mazikoni nikaulizwa ya miezi mitano.

Kumbe Shangazi aliulizia treni. Akaandika. Halafu kwa miaka minne akaitikia shikamoo zangu kwa marahaba iliyojaa, na leo kaniita nimshikie mashine.

Mshale ulikuwa umesimama mwishoni mwa mstari wangu, unapepesa. Kitufe cha kufuta ni kikubwa kuliko vingine, sijui kwa nini walikifanya hivyo.

Shangazi akaingia na chai ya tangawizi.

"Umefika wapi?"

"Nanakili, Shangazi."

"Nakili vizuri. Mle mna watu."

Sikufuta. Nililifunga faili, nikalikamata pale pale katikati ya kioo, nikaliweka kwenye flashi pamoja na picha za harusi. Nikaanza kupiga Windows. Nilijiona mtu mwadilifu kwa saa moja na nusu, ambao ndio muda kazi hiyo inaochukua kwenye mashine ya umri ule.

Saa saba na nusu ikawaka, mlio mpya, picha mpya ya bahari. Nikarudisha picha za harusi. Zikafunguka. Nikabonyeza WATU.

Kompyuta ikasema haioni kitu hicho.

Nikatazama vizuri. Kwenye kona ya ile alama kulikuwa na kishale kidogo. Wanaojua watakuwa wameshafumba macho. Kwa wasiojua: alama yenye kishale si faili. Ni kibao tu cha kuonyesha faili liko wapi, na lenyewe lilikuwa ndani kabisa ya diski niliyoifagia. Nilibeba kibao, nikabomoa nyumba.

Nilijaribu programu ya kufufua mafaili. Ilifufua picha ya ua la njano iliyokuja na Windows Saba.

Nilikaa. Nilitafuta namna ya kusema ambayo isingefanana na mtu aliyeona mstari wake akaamua kuunguza kitabu kizima. Sikuipata. Nikaenda jikoni.

"Shangazi, lile faili la watu limepotea."

Alikuwa anapeta mchele. Hakuacha.

"Lote, au mstari mmoja?"

"Lote."

"Makubwa. Wengine walikukosea nini?"

"Ni bahati mbaya, Shangazi. Wallahi sikukusudia."

"Kama treni."

Alimaliza ungo wake, akanawa mikono, akaja kukaa kwenye kiti cha pembeni ya kompyuta.

"Fungua pa kuandikia. Nitataja."

Akataja. Hakusita hata mara moja, kwa mpangilio ule ule, kuanzia waliofika maiti haijaoshwa. Nikaandika fundi cherehani na kaburi lake. Nikaandika Mama Pendo na sufuria zake. Akifika kwa baadhi alikuwa anasema, "Huyo keshakufa, ruka," na tunaruka. Tuliruka wengi kuliko nilivyotegemea. Kwa mwenye duka la saruji alifikiri kidogo, akasema simu tuitoe, maana mwaka jana alimpeleka hospitali kwa gari lake.

Nilikuwa nausubiri mstari wangu kama mtu anayesubiri sindano. Haukuja. Alipofika mtu wa mwisho, adhana ya alasiri ikaanza, akainuka.

"Na mimi, Shangazi?"

"Wewe andika mwenyewe."

Akaenda kutia udhu.

Nilianza na neno treni, nikafuta. Nikaanza na maelezo ya Bukene, yakafika mistari mitatu, yakawa yanapendeza, nikafuta. Maji yalikuwa yanasikika uani.

Mwisho nikaandika: Hakuzika.

Programu mpya ya kuandikia ikalipigia mstari mwekundu, kama inavyoyapigia maneno yote ya Kiswahili.