Kabalagala ya Tatu

Bugolobi, Kampala
13 Septemba 2012

Dada yangu mpendwa Nerima,

Nakusalimu kwa upendo na heshima, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta wewe, shemeji Otema na watoto mkiwa na afya, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Nabangala wangu amepona malaria kabisa na ameanza tena kunishinda kwa maswali. Anayekuletea barua ni shemeji yako Oduor. Anakuja Gulu na shehena ya sabuni, nami nimemsihi akukabidhi mkononi kabla hajashusha hata katoni moja. Hajui yaliyomo.

Utashangaa kwa nini naandika ilhali tulizungumza kwa simu Jumapili. Naandika kwa sababu ya mazungumzo hayohayo. Uliniambia kwamba tangu Jasper wako arudi kutoka kwetu amekuwa akificha chakula: muhogo chini ya mto, mkate ndani ya soksi. Ukasema bila shaka Ayot, msichana anayemlea, humnyima unapokuwa kazini, na kwamba Jumamosi hii utampandisha basi arudi kwa mama yake. Nami nikakujibu kwamba wasichana wa siku hizi wanahitaji kuangaliwa. Tangu niitamke sentensi hiyo sijapata utulivu.

Naomba nikueleze ile safari ya boti kama ilivyokuwa, si kama nilivyokusimulia. Unakumbuka kwamba Oduor na wenzake wa kazini walikodi boti kutoka Port Bell ili familia zizunguke visiwani kwa siku moja. Ulikuwa umenionya kwamba Jasper hula kidogokidogo kutwa nzima, na akikaa saa mbili bila kutia kitu mdomoni hulia mpaka atapike. Nilijiandaa: biskuti, ndizi mbivu, karanga, na kabalagala kumi na mbili, vile vimikate vya ndizi na unga wa muhogo wanavyokaanga Kamwokya. Asubuhi yote nilimpa yeye kwanza, ndipo nikampa Nabangala, kama mama alivyotulea: mtoto aliyekuja kwako hutangulia, wako husubiri. Mke wa Obura, mmoja wa wenzake Oduor, alinitania kwamba sikuja kutalii, nimekuja kufungua kantini. Jasper, mashavu yamejaa, akamjibu kwamba kantini ni ya mama mdogo wake na haiuzii watu wakubwa. Boti nzima iliangua kicheko.

Wakati wa kurudi injini ilizimika. Nahodha, Mkongo mmoja mcheshi aitwaye Bisimwa, alitwambia kwamba injini yake ni kama mama mkwe: haigombezwi, hubembelezwa. Saa ya kwanza tulicheka. Saa ya tatu hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa kali, vyakula vya watu vilikuwa vimekwisha, na hatukujua boti ya kutuvuta ingefika lini. Mkobani mwangu zilibaki kabalagala tatu. Niliwaambia watoto wote wawili kwamba hakuna kitu tena. Jasper alilia sana, kisha akanyamaza mapajani mwangu.

Dada, nilipodhani amesinzia, nilimfunika Nabangala kwa leso, nikampa kabalagala moja, halafu ya pili, nikimnong'oneza atafune polepole. Nilijiambia kwamba alikuwa ndio kwanza ameinuka kitandani. Ilikuwa kweli, lakini sina hakika kwamba ndiyo iliyonituma. Kabalagala hukatika kwa vidole, sikuikata. Nilipoinua macho, Jasper alikuwa akinitazama. Hakulia wala hakuomba. Alifumba macho tena, taratibu, kama mtu mzima anayemsitiri mwenzake. Ana miaka minne.

Tulivutwa hadi bandarini kabla jua halijatua. Pale Luzira nilimnunulia kuku na chipsi; alikula nusu, nusu akaitia mfukoni. Oduor alisema huyu atakuwa mfanyabiashara mkubwa, nami nikacheka pamoja naye. Nyumbani, nilipokung'uta mkoba, nilikuta kabalagala ya tatu, imekauka. Haikuwa imehitajika hata kidogo. Niliitupa haraka kabla Jasper hajaingia jikoni.

Huenda najibebesha zaidi ya haki; watoto huficha vitu kwa sababu nyingi, na kusoma kwangu kote hakujanifundisha kuona ndani ya kichwa cha mtoto. Lakini Ayot hapaswi kubeba lawama kwa sababu mimi nina shaka. Tafadhali usimpandishe basi. Mwambie kwamba mimi ndiye niliyemkosea, kwa kunyamaza na kwa kusema. Shemeji Otema naye ajue, kwa kuwa Ayot ni mtoto wa dada yake, na neno hili lingekaa kati ya nyumba hizo mbili miaka mingi.

Oduor amebeba kikapu. Ndani mna kabalagala za kuwatosha nyote. Naomba Ayot ndiye agawe, na Jasper aachwe afiche atakazo, bila kuulizwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, kila mmoja kwa jina lake. Nangoja neno lako, hata likiwa kali.

Mdogo wako,
Nabalayo