Jina Lako Kwenye Mkataba wa Beni

Yaya Paluku, kaka yangu uliye mbali na macho yetu,

Naiandika barua hii wazi, wote waisome, kwa sababu sina pa kuituma. Jumatatu programu yako ilinijulisha kwamba mkataba wa matengenezo ya seva ya Beni unakaribia kwisha. Iliniambia mapema, kwa adabu, kama ulivyoifundisha, na chini kabisa ikaweka jina la mtu wa kupigiwa simu mashine ikiharibika: Paluku. Wakala aliyeko Goma anataka jina la mtu anayepokea simu. Swali lenyewe ni hilo tu, na tangu Jumatatu halijaniacha nile vizuri.

Unakumbuka ofisi yetu ya Butembo kabla ya ujanja wako? Vituo vya afya vyote, kuanzia kwetu hadi Beni na Mutwanga, vilitegemea mashine zetu kutunza rekodi za wagonjwa, na kila mashine ilikuja na dhamana ya kiwanda na mkataba wake. Hakuna aliyejua nini kinakwisha lini. Mashine ikizimika ndipo tunaanza kupekua makabati, halafu wakala anatuambia kwa sauti tamu kwamba dhamana ilishakwisha zamani. Siku moja ulifunga kabati kwa goti ukaniambia, "Masika, sisi tunauliza mashini tarehe yake ikishakufa. Tuiulize ikiwa muzima."

Msimu mzima wa mvua uliandika ile programu. Kila asubuhi inapita kwenye seva zote, inachukua namba ya kiwandani, inailinganisha na mikataba, na miezi mitatu kabla ya mwisho inatupigia kelele. Mimi niliingiza mikataba. Wewe ulilalamikia uchapaji wangu, mimi nikalalamikia kahawa yako iliyokuwa chungu kama kwinini. Sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa miaka yangu mizuri, maana ilikuwa imejaa ubishi.

Majina ya mashine lakini, yaya, hayo yalikuwa yako peke yako na sitabeba lawama yake. Uliamua seva zipewe majina kama watoto wa kwetu, kwa kufuata nani katangulia kuzaliwa: ya kwanza Paluku, ya pili Kambale, ya tatu Kasereka. Ofisi nzima ikafurahi. Watu wa Beni nao wakafurahi, na wao wakaanza kuhesabu za kwao, kwa kuwa kila nyumba inahesabu watoto wake. Programu ikakuta Kambale wawili ikawafanya mmoja. Tulipolipia Kambale wa Butembo, ikaandika kwamba Kambale wa Beni naye yuko salama. Yule wa Beni alipoungua kifaa cha umeme, wakala akasema huyo hana mkataba, na wewe ukabishana naye saa nzima ukiwa na ushahidi wa mtoto wa nyumba nyingine.

Jioni ulimsimulia Mama ukiwa bado umekasirika. Alikuwa anamenya viazi vilivyotoka Masereka, hakuinua hata kichwa.

"Kambale ya nani?" akauliza.

"Mama, ile ni mashini, hapana mutu."

"Hata kama. Butembo hii, mutu akisema Kambale, si tunauliza kwanza ni ya nani?"

Kesho yake ulibadilisha programu, ikawa inaangalia namba ya kiwandani kwanza na jina baadaye. Wiki nzima nilikuwa nikikuona nakuuliza, "Paluku ya nani?" na wewe unanifukuza kwa rula.

Tukapata mkataba mpya wa Beni, mzuri, ulioahidi kwamba fundi wa wakala atakuja mpaka pale mashine ilipo. Kumbe fundi huyo aliogopa barabara kama sisi wote. Alishuka kwenye ndege Butembo, akaweka kifaa juu ya meza yako, akasema, "Contrat iko sawa, mais mimi hapana kupita hapa. Niko na batoto." Hatukuweza kumkasirikia. Programu ilionyesha kijani, mkataba ulikuwa hai, na kati ya Butembo na Beni watu walikuwa wanauawa mashambani mwao. Ndivyo ulivyoanza kubeba vifaa mwenyewe. Ulirudi na vichekesho vya kunituliza. Kuna mwanajeshi wa kizuizini aliyekuuliza kwa Kilingala hiki ni nini, ukamjibu ni maini ya mashine, akakupisha akisema uwahi kabla hayajaoza.

Safari ya mwisho ulibeba diski mbili ndani ya begi la shule. Uliniambia nisisahau kufunga dirisha la ofisi. Mchana watu wa Beni walipiga simu kuuliza umefika wapi. Gari lilikutwa limeungua. Waliokufa tuliwazika, na wewe hukuwa kati yao. Mama mmoja aliyejificha kwenye migomba alikuona ukipelekwa porini na wenye silaha, umebebeshwa gunia la mali ya watu, unatembea kwa miguu yako mwenyewe. Maneno hayo, "kwa miguu yake mwenyewe", Mama huyarudia kila anapoomba.

Tangu hapo wengine wamerudi kutoka huko. Kila tukisikia kuna waliotoroka, mimi na Mama tunaenda kuangalia nyuso. Wajomba wanataka tuweke matanga ili roho zetu zipumzike. Mama aliwapa chakula, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia, "Nitalilia mutu gani? Nionyesheni kwanza." Hawajarudia tena. Ila nyumba imekuwa na kimya, yaya. Ofisini nabishana na skrini. Nimepika kahawa chungu kwa makusudi ili nipate cha kulalamikia, na hata hiyo nimeinywa yote bila kusema neno.

Sasa hili la jina. Fomu ya wakala ina nafasi ya mtu mmoja tu. Nikiliondoa jina lako, naogopa kwamba nitakuwa nimefanya kwa kidole kimoja lile ambalo Mama amewakatalia wajomba. Na kuna jambo la pili, ambalo Mama aliliona kabla yangu. Jina lililo kwenye mkataba wa Beni ndilo linalopita barabara ya Beni.

"Bakikuandika pale, ni weye utabeba bile bintu?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi baache ya Paluku."

"Paluku hapana kuwa na simu kule, Mama. Na mashini ya Beni diski yake moja imeshakufa. Ya pili ikikufa, manesi hawatajua nani anakunywa dawa gani."

Aliweka mikono juu ya magoti. Nilijua anachohesabu. Alizaa wawili, na mmoja yuko mbele yake anaomba ruhusa. Mwishowe akasema, "Andika jina yako. Mais utapita na pick-up, hapana moto ya magurudumu mbili. Na utapita siku bengi banapita."

Nimeliandika leo asubuhi. Binti anayepokea simu kwa wakala akaniuliza kwa simu sababu ya kubadilisha: umehama, umeacha kazi, ama umefariki. Nikamsikia anapumua kule Goma, halafu akasema polepole, "Dada, hapo naacha wazi. Hata ya muzee wangu waliacha wazi." Nikamshukuru, nikakata simu, nikalia hapo hapo mezani kwako.

Hujafa, yaya. Kwetu hujafa. Nimekutoa tu kwenye kazi ambayo huwezi kuifanya ukiwa huko, na wivu unanishika nikiona jina langu mahali pako.

Diski tuliyoiagiza mapema imeshafika Butembo. Barabara ikifunguliwa nitaenda na pikapu nyeupe, kati ya magari mengi, kama Mama alivyotaka. Nitakaa upande wa kulia, ule unaotazama pori, na tukifika pale gari lilipoungua nitashusha kioo. Nitajifunga kitambaa cha njano kichwani. Kama umekaa karibu na barabara, usitoke mbio, usiniite, wasije wakakuumiza kwa ajili yangu. Nitazame tu mpaka gari lipite, ujue kwamba hatujakulilia.

Mdogo wako wa pekee,
Masika