Niliwachemsha Bakteria wa Shangazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na hili sijamwambia mtu yeyote, hata daftari langu ambalo linajua mengi: ni mimi niliyewachemsha bakteria wa samaki wa shangazi.

Mimi ni msichana wa sekondari, naishi na shangazi yangu, sisi wawili tu, naye anafuga samaki katika mabwawa mawili nyuma ya nyumba, na kwa kuwa napenda vitabu ananiita Profesa, hasa wageni wakiwepo. Miezi miwili iliyopita samaki walianza kukonda na kuoza mapezi, shangazi akanunua kopo la unga wa bakteria rafiki, wale wanaochanganywa kwenye chakula ili walinde utumbo wa samaki, akanikabidhi kijiko akasema, "Profesa, hii ni kazi ya msomi." Aliyemuuzia ni mzee wa duka la vyakula vya mifugo, tunamwita Mzee Pumba, naye akaniazima kitabu cha ufugaji, nikasoma sura ya usafi mara tatu, imeandikwa kwamba maji machafu huleta magonjwa, basi kila asubuhi kabla ya shule nikawa nakoroga unga ule kwenye sufuria ya maji, nauchemsha dakika kumi kwa saa ya ukutani, kisha naunyunyizia kwenye chakula, najiona daktari. Wiki ya sita, samaki bado wanakufa, ndipo nikafika sura ya tisa: bakteria hawa wako hai, na joto kali huwaua. Nikafunga kitabu, nikakikalia.

Sasa shangazi anasema kauziwa majivu. Jana alimwambia jirani, "Yule mzee anaweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, tena kwa kilo." Mwisho wa mwezi kikundi cha wafugaji kinakutana kumfukuza kikundini, na wateja wake wote wako humo, kwa hiyo nikinyamaza atafunga duka kwa kosa langu, na nikisema itabidi niseme mbele ya watu, mimi ambaye mwalimu akinitaja tu natoka jasho. Je, naweza kumwandikia shangazi barua isiyo na jina?

Mwenye Sufuria

*

Mwenye Sufuria,

Pole, binti yangu. Nimesubiri nimalize kucheka ndipo nijibu, nimeona nitachelewa. Umeandaa jeshi, ukalipika, ukalipeleka vitani likiwa supu, halafu unashangaa adui hakukimbia.

Barua isiyo na jina isahau. Nyumba ina watu wawili, na mmoja ndiye atakayeisoma.

Kusoma si kosa. Kosa ni kuishia kwenye sura inayokupendeza, na hata maandishi ya kopo hukuyatazama. Kubwa zaidi ni kukalia kitabu wakati mtu mzima anavunjiwa heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ya samaki huelea juu kabisa, kila mtu akayaona.

Mwambie shangazi leo, kabla hujala, maana ukishiba utaahirisha. Shika hiyo sufuria. Maneno yakigoma, inyooshe. Mzee kamwombe radhi kwa miguu yako mwenyewe, usitume mtu. Kisha koroga unga kwa maji safi ya baridi, nyunyizia chakula, kikauke kivulini, walishe siku hiyohiyo. Na msiugeuze unga kuwa muujiza: badilisheni maji, punguzeni msongamano bwawani. Hata utumbo uwe na marafiki wangapi, mwenye utumbo hawezi kupona akiishi chooni.

Kuhusu kuongea mbele ya watu, aliyekuwa anaua mamilioni kila asubuhi kabla ya kwenda shule asiniambie anaogopa wafugaji ishirini.

*

Mshauri,

Nilimwambia siku niliyopata jibu lako. Shangazi alikuwa bwawani anaopoa waliokufa. Alinitazama, akaitazama sufuria.

"Dakika ngapi?"

"Kumi."

"Kumi, Profesa? Hata mayai unaepua kwa saba."

Akaendelea kuopoa. Baadaye akasema, "Mzee nitamwomba radhi mimi pia, mdomo uliomtukana ni wangu. Lakini kikundi utakiambia wewe. Mpishi ni wewe."

Kesho yake tulikwenda dukani, sote wawili, nikamrudishia na kitabu chake. Mzee Pumba alitusikiliza mpaka mwisho, akasema kikaoni atakuja.

Siku ya kikao nilisimama na sufuria yangu, nikaitazama hiyohiyo, nikasema sentensi nne. Nilisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitisha zaidi. Mzee Pumba akainuka polepole, akauliza, "Nani mwingine anachemsha?"

Mkono mmoja ukapanda, kisha wa pili. Wa tatu ulichelewa kidogo, nao ulikuwa wa katibu, aliyekuwa bado ameshika barua ya kumfukuza mzee.

Mzee akanipa kitabu chake, akaniomba nisome sura ya tisa kwa sauti. Niliisoma yote. Jumatatu asubuhi nikachanganya unga kwa maji ya baridi, nikawalisha samaki, nikairudisha sufuria jikoni, nikaenda shule.