Mushale wa Mizani ya Bungulu

Ya Paluku,

Mushale wa mizani hapana unapepesa tena. Nakuandikia hiyo kwanza, juu najua ndiyo ungeuliza, mbele hata ya kuuliza batoto wako bamekula nini. Kule Bungulu, Beni, kwa dépôt, ghala ya kakao, mutu anaweka mufuko wake juu ya mizani, na kwa écran, kioo ya mashini, ile saa ya kilo tuliyochora sisi wenyewe inatulia, mushale unapanda polepole mpaka mahali pake. Bakulima hapana banapiga tena kelele. Patron amefurahi, amenipa kiti yako. Nilikaa juu yake nikalia kama mujinga.

Unakumbuka vile ulinifundisha? Miezi ya kwanza nilikuwa nachora moja kwa moja kwa écran, nafuta, nachora, nafuta, mpaka macho inatuuma sisi wote wawili. Ulicheka, ukasema: "Masika, mama yako anakuletea bugali kidogo kidogo mezani? Anapakua jikoni, analeta sahani imejaa." Donc tukaanza kuchora yote pembeni, kwa karatasi ya siri ndani ya mashini, kisha kuionyesha mara moja. Nilielewa siku ile ile. Nikajiona fundi, basi.

Sasa nisikilize, Yaya, mukubwa wangu. Nisipoandika leo, sitaandika tena.

Ulikuwa na sheria moja tu kwa bureau yetu hapa Butembo: kazi hapana inatoka mbele ya kuijaribu kwa ile mashini ya zamani chini ya meza, tuliyoiita muzee. Ijumaa ile uliniuliza: "Umejaribu kwa muzee?" Nikajibu: "Ndiyo, Ya Paluku." Nilikudanganya. Ile mashini inachukua nusu saa kuamka, na miye nilikuwa nachelewa répétition ya chorale, mazoezi ya kuimba. Kwa mashini yangu mupya kila kitu kilikuwa laini. Nikasema inatosha.

Haikutosha. Kila mara mushale unaposogea, nilikuwa natengeneza karatasi mupya ya siri, nachora upya duara, namba, mistari yote, wakati ni mushale peke yake unaosogea. Na nilisahau kuzima ile rangi nyeupe inayofuta écran mbele ya kila picha. Mashini ya Bungulu ni nzee, ikashindwa kufuata. Bakulima bakaona kilo inawaka na kuzimika, bakasema hii ni mizani ya bezi, inatuibia kilo, bakataka kuivunja. Wewe ukasema video ya simu hapana inaonyesha vizuri, lazima ufike uone na macho yako. Nilikuangalia unafunga mufuko wako, nikanyamaza.

Sisi wote tuliogopa batu ba bunduki kwa ile barabara ya Beni. Kumbe ni kamyo, lori ya mbao, breki zimekatika, ikakugonga wewe juu ya moto, pikipiki ya abiria. Ee Mungu wangu.

Kwa matanga yako nilisimama nikasema kosa ni ya mashini ya Bungulu, imezeeka. Batu bakaitika. Juma lililofuata nikafungua kazi yangu. Karatasi moja, inatengenezwa mara moja tu, inachorwa upya pale mushale umepita, basi. Nilimaliza kazi, chai yangu ikiwa bado moto. Nilibadilisha mistari mine tu, Yaya! Mistari mine!

Na Kavira, bibi yako, mama ya batoto wako, hapana anakula. Anarudilia neno moja: "Ni mimi nilimwambia achukue moto, asingoje bus." Anamwambia mama yako, anamwambia pasta, anamwambia hata jirani anayekuja kuomba chumvi. Jana alisema mbele yangu akimenya ndizi. Nikamushika mukono, nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Miye huyu, na mudomo huu.

Pumzika, Yaya. Sikuombi unisamehe, bado sijastahili kuomba. Nakuahidi kitu kimoja: naweka kalamu chini na naenda kwake, mchana huu huu, mbele batoto hawajarudi masomo. Nitamwambia ni nani alikupandisha ile moto. Akinifukuza, nitatoka. Akinipiga, nitasimama. Mais kuanzia leo, "ni mimi" nitaisema miye, hapana yeye.

Masika